Roosevelt: Rais aliyeingia kwa pesa za matajiri, kisha akazipiga marufuku

Kama umesoma historia ya Kenya, jina la Theodore Roosevelt si geni kwako. Ni yule rais mstaafu wa Marekani aliyeshuka Mombasa Aprili 1909 na mwanawe Kermit, akapanda reli ya Uganda kwenda bara kuwinda simba na tembo. Alizunguka Afrika hadi mwaka uliofuata, akatokea Khartoum.

Ila kuna stori yake nyingine ambayo haisimuliwi sana. Alishinda urais kwa pesa nyingi za makampuni makubwa, kisha yeye mwenyewe akasaini sheria ya kuzizuia. Na sheria hiyo ilikuwa na mianya kibao.

Mtoto wa tajiri

Roosevelt alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858, kwenye familia yenye uwezo. Utotoni alisumbuliwa sana na pumu. Akiwa na miaka 23 tu alishachaguliwa kuingia bunge la jimbo la New York.

Tarehe 14 Februari 1884 alipata pigo zito. Mama yake na mke wake walifariki siku moja, nyumba moja. Aliacha siasa, akaenda Dakota kufuga ng'ombe.

Aliporudi, alijijengea jina la mtu asiyetaka mchezo. Mwaka 1895 alisimamia polisi wa jiji la New York, akawa anatembea usiku kuwanasa askari wanaolala kazini. Baadaye akawa gavana, kisha makamu wa rais. Septemba 1901 Rais William McKinley akapigwa risasi na kufariki. Roosevelt akawa rais akiwa na miaka 42. Mpaka leo hakuna aliyeshika urais wa Marekani akiwa na umri mdogo kuliko huo.

Mitambo ya pesa aliyoikuta

Chama chake cha Republican kilikuwa na utaratibu wake wa kuchangisha. Mwaka 1896, mfanyabiashara Mark Hanna alikusanya karibu dola milioni 3.5 kwa ajili ya McKinley. Hakusubiri mtu ajisikie kutoa. Benki zilikadiriwa kabisa: toeni robo ya asilimia moja ya mtaji wenu.

Roosevelt alionekana mtu wa aina nyingine. Mwaka 1902 serikali yake ilishtaki kampuni ya reli ya Northern Securities, iliyokuwa na mkono wa tajiri J.P. Morgan. Mahakama ya Juu ikaamua ivunjwe. Wananchi wakampenda kweli.

Lakini mkono mtupu haulambwi. Mwaka 1904 aligombea urais, na kampeni ilitaka pesa.

Mkaguzi anageuka mwomba mchango

Aliyeongoza kampeni ni George Cortelyou. Huyu jamaa alikuwa ametoka tu kuwa waziri wa biashara, na ndani ya wizara hiyo kulikuwa na ofisi mpya ya kuchunguza makampuni. Jana anasimamia ukaguzi wa mambo yako, leo anakunyooshea mkono akiomba mchango. Wewe ungekataa?

Mpinzani wake, Alton Parker, alilisema hilo hadharani. Siku chache kabla ya uchaguzi Roosevelt alijibu kwa hasira, akisema ni uongo mtupu. Parker hakuwa na ushahidi mkononi, na asingeupata, kwa sababu hakukuwa na sheria ya taifa iliyotaka chama kitaje nani katoa nini. Roosevelt akashinda kwa zaidi ya asilimia 56 ya kura.

Pesa za wajane zaonekana

Mwaka 1905 mambo yakafumuka. Uchunguzi wa makampuni ya bima ya maisha mjini New York, ukiongozwa na mwanasheria Charles Evans Hughes, ulibaini kuwa kampuni ya New York Life ilichangia zaidi ya dola 48,000 kwenye kampeni ya Roosevelt. Kigogo wa kampuni hiyo, George Perkins, alitoa pesa kwanza mfukoni mwake, kisha kampuni ikamrudishia.

Hizo hazikuwa pesa za Perkins wala za mkurugenzi yeyote. Zilikuwa za wateja waliolipa bima ili wakifa, wajane na watoto wao wasihangaike. Wengine kati yao walikuwa wamempigia kura Parker. Pesa zao zikaenda kwa Roosevelt bila wao kuulizwa.

Perkins alishtakiwa kwa wizi, lakini mahakama ikamwachia kwa maelezo kuwa hakuwa na nia ya kuiba.

Sheria yenye mianya

Roosevelt alikuwa amebanwa. Desemba 1905 aliliomba bunge lipige marufuku michango yote ya makampuni kwa siasa. Tarehe 26 Januari 1907 akasaini sheria hiyo, inayoitwa Tillman Act. Kampuni ikikamatwa, faini hadi dola 5,000. Kiongozi wake angeweza kufungwa hadi mwaka mmoja.

Ukiisoma unaona ni kali. Sasa angalia mianya yake.

Kwanza, hakuna chama kilicholazimika kutangaza majina ya wachangiaji. Pili, haikuundwa ofisi yoyote ya kusimamia. Tatu, bosi wa kampuni bado aliruhusiwa kutoa pesa zake binafsi, na nani angejua kama kampuni imemfidia kwa bonasi? Nne, kwa makampuni mengi katazo lilihusu uchaguzi wa kitaifa tu, sio wa ngazi ya jimbo.

Mwanya huo wa nne Roosevelt aliufahamu vizuri. Mwaka huohuo wa 1907 ilivuja barua ya tajiri wa reli, E.H. Harriman. Ilionyesha kwamba mwaka 1904 alikutana na Roosevelt Ikulu, kisha akachangisha takriban dola 250,000. Roosevelt alijitetea kuwa pesa hizo zilikuwa za mgombea ugavana wa New York, sio zake.

Mbele ya kamati

Alimaliza urais Machi 1909 na kuja Afrika. Hata safari hiyo ilikuwa na mchango wa tajiri Andrew Carnegie, safari hii kwa ajili ya kazi ya makumbusho ya Smithsonian.

Nyuma yake, mwaka 1910, ilipita sheria iliyolazimisha kamati za vyama vya kitaifa kutangaza michango, ila baada ya uchaguzi kwisha. Yaani unapiga kura kwanza, halafu ndio unaambiwa nani alilipa. Mwaka 1911 ikarekebishwa ili watangaze na kabla.

Oktoba 1912, akiwania tena urais, Roosevelt alihojiwa na kamati ya Seneti kuhusu pesa za 1904. Morgan alikuwa ameshakiri kutoa dola 150,000. John Archbold wa kampuni ya mafuta ya Standard Oil alisema walitoa 100,000. Roosevelt alileta barua zake za 1904 akiagiza pesa za Standard Oil zirudishwe. Archbold akasema hazikurudi. Mweka hazina aliyezipokea, Cornelius Bliss, alikuwa ameshafariki.

Siku 10 baadaye Roosevelt alipigwa risasi mjini Milwaukee akienda kuhutubia. Alihutubia hivyohivyo, risasi ikiwa kifuani. Alishindwa uchaguzi ule. Na nani alikuwa mfadhili mkubwa wa chama chake kipya? George Perkins, yuleyule wa pesa za bima.

Je, alinunuliwa?

Ushahidi unavuta huku na kule. Standard Oil ilichanga, lakini mwaka 1906 serikali yake ikaishtaki, na mwaka 1911 ikavunjwa. Upande wa pili, Henry Clay Frick naye alichanga, na mwaka 1907 alipokwenda Ikulu kuombea kampuni ya chuma ya U.S. Steel inunue mshindani wake, Roosevelt hakuweka pingamizi.

Huenda alitenda kwa nia safi mara zote mbili. Shida ni kwamba mpiga kura wa 1904 hakuwa na namna ya kupima, maana vitabu vilifungwa. Aliambiwa aamini tu.

Roosevelt alifariki usingizini tarehe 6 Januari 1919, akiwa na miaka 60. Marekani ilikaa hadi 1974 ndipo ikaunda tume ya kusimamia pesa za kampeni, miaka 67 baada ya sheria yake. Muda wote huo katazo lilikuwepo kwenye karatasi, na pesa ziliendelea kupita.