Lionel Logue: Mwalimu Asiye na Digrii Aliyemfundisha Mfalme Kuongea

Miaka ya 1940 mkulima wa Kihaya aliyeuza kahawa yake Bukoba alirudi nyumbani na shilingi zenye kichwa cha Mfalme George VI wa Uingereza. Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Waingereza na fedha ya Afrika Mashariki ilibeba sura ya mtawala wao. Kwenye ile shilingi mfalme ametulia kabisa, mdomo umefungwa. Shida ilikuwa akiufungua. Alikuwa na kigugumizi, tena kile kizito cha kukwama katikati ya sentensi huku maelfu ya watu wanakusubiri. Mtu aliyemsaidia hakuwa daktari wala profesa, na digrii hakuwa nayo hata moja. Anaitwa Lionel Logue. Naona maisha yake yanatuhusu sisi tunaosomea ualimu kuliko yanavyowahusu wapenda habari za wafalme.

Logue alizaliwa Adelaide, Australia, tarehe 26 Februari 1880. Babu yake alihamia huko kutoka Dublin. Alisoma shule ya Prince Alfred, na akiwa kijana akavutiwa na sanaa ya kusema mbele za watu: namna ya kupumua, kutoa sauti, kukariri shairi mpaka ukumbi mzima unyamaze. Zama zile hicho kilikuwa kitu cha kusomea kwa mwalimu wa mtaani, kama leo mtu anavyojifunza kinanda. Mwalimu wake aliitwa Edward Reeves. Logue akawa msaidizi wake, halafu akaanza kufundisha mwenyewe. Baadaye akahamia Australia Magharibi, akafanya kazi kidogo kwenye eneo la machimbo ya dhahabu, kisha akatulia Perth. Hapo alifundisha, akaigiza, akaanzisha klabu ya kuzungumza hadharani. Mwaka 1907 akamwoa Myrtle Gruenert, wakapata watoto watatu wa kiume.

Mpaka hapo ni mwalimu wa kawaida tu. Kilichombadilisha ni vita.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Logue alitaka kujiunga na jeshi, akakataliwa kwa sababu za kiafya. Wenzake walioenda walirudi wengine wakiwa hawawezi kuongea. Kuna waliovuta gesi ya sumu, kuna waliopata mshtuko wa mabomu, sauti ikapotea au ikabaki ya kunong'ona. Madaktari walikuwa wamefika mwisho wa maarifa yao. Logue akawachukua mmoja mmoja na kuwafundisha kwa kile alichokuwa nacho, yaani pumzi, mazoezi ya sauti, utani mwingi na subira. Aliwaambia watapona, akawafanya waamini, na baadhi yao wakaanza kusema tena. Hakukuwa na kitabu cha kozi alichofuata. Aliijenga kazi huku anaifanya.

Mwaka 1924 alipanda meli na familia yake kwenda Uingereza, akaanza kwa kufundisha ufasaha wa kusema kwenye shule za London. Mwaka 1926 akafungua chumba cha kazi namba 146, Harley Street. Asiyeijua Harley Street ajue ni mtaa wa madaktari bingwa, majina yenye mikia mirefu ya shahada. Logue akaweka jina lake pale bila mkia. Wenye fedha aliwatoza vizuri, na fedha hiyo ikamsaidia kuwatibu maskini. Angekutana na uhakiki wa vyeti wa kwetu wa mwaka 2017, sijui angejieleza vipi.

Sasa tumlete mgonjwa. George alikuwa bado hajawa mfalme, alikuwa mwana wa pili wa mfalme, Mtawala wa York. Kigugumizi kilimwanza utotoni, akiwa na miaka kama minane. Alizaliwa anatumia mkono wa kushoto, akalazimishwa kuandika kwa wa kulia. Alifungwa vyuma miguuni ili magoti yake yanyooke. Baba yake alikuwa mkali. Zamani watu walisema mkono ule ndio ulioleta kigugumizi. Leo wataalamu hawakubali maelezo mepesi hivyo, wanaangalia zaidi urithi wa kifamilia na namna ubongo unavyopanga usemi. Hata hivyo kumchapa mtoto kwa sababu anashika kalamu kwa kushoto, jambo ambalo bado tunalisikia, halimsaidii yeyote.

Mwishoni mwa 1924 na mwanzoni mwa 1925 huyu mwana wa mfalme na mkewe Elizabeth walitembea Kenya na Uganda, jirani kabisa na Bukoba. Mwaka huohuo wa 1925, tarehe 31 Oktoba, akatakiwa afunge maonyesho makubwa ya dola ya Kiingereza pale Wembley. Hotuba ilirushwa redioni, na ilikuwa mateso kwake na kwa waliosikiliza. Na mwaka 1927 alikuwa anasubiriwa Australia kufungua bunge jipya. Alishajaribu wataalamu wengi, akachoka nao. Tarehe 19 Oktoba 1926 akapanda ngazi za Harley Street.

Nilichokipenda hapa ni jinsi kazi yenyewe ilivyokuwa ya kawaida, karibu ya kuchosha. Logue alimsikiliza, akampima namna anavyopumua, akaona koo na kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu, havifanyi kazi kwa pamoja. Akampa mazoezi ya kila siku ya kama saa nzima. Kusukutua koo kwa maji ya uvuguvugu. Kusimama dirishani, dirisha wazi, na kutoa irabu kwa sauti kubwa, kila irabu sekunde kumi na tano. Kusoma vitanza ndimi. Na kurudi tena kesho. Kati ya Oktoba 1926 na Desemba 1927 walikutana mara 82. Hebu fikiria mwana wa mfalme anapiga kelele za irabu dirishani kama sisi tulivyofanya darasa la kwanza.

Tarehe 9 Mei 1927 alifungua bunge la Canberra na hotuba ikaenda vizuri. Logue hakuwa pale, alibaki London. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko hotuba yenyewe. Mwanafunzi aliifanya peke yake.

Wengi wetu tunamjua Logue kwa ile filamu ya mwaka 2010 iliyochukua tuzo ya Oscar ya filamu bora. Aliyeandika mchezo huo, David Seidler, naye alikuwa na kigugumizi utotoni. Filamu ni nzuri, lakini tuwe makini nayo. Inamwonyesha Logue akimwita mgonjwa wake kwa jina la utani la nyumbani, wamekaa kama washkaji wa kijiweni. Barua zake halisi zina heshima zote za ikulu. Urafiki ulikuwepo, ulidumu zaidi ya miaka ishirini na tano, ila ulivaa suti. Pia filamu inaacha picha kama tatizo liliisha. Halikuisha. Sikiliza rekodi za mfalme zilizobaki, utasikia vituo virefu na maneno anayoyaendea polepole. Alijifunza kuongea akiwa na kigugumizi chake.

Desemba 1936 kaka yake aliacha kiti na yeye akawa mfalme, jambo ambalo hakulitaka. Logue akarudi kazini. Kabla ya kutawazwa tarehe 12 Mei 1937 walipitia maneno ya ibada na hotuba ya redio ya usiku ule. Kila hotuba Logue aliichukua na kalamu, akaweka alama za kupumua, akatoa maneno yenye sauti ngumu na kuweka mengine. Sauti ya k ilimsumbua sana mfalme, na kwa bahati mbaya neno lenyewe la mfalme kwa Kiingereza linaanza nayo. Tarehe 3 Septemba 1939, Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, mfalme alihutubia dola nzima na sisi Tanganyika tukiwemo. Logue alisimama chumbani pamoja naye, mbele ya kipaza sauti.

Msomaji anaweza kuishia hapa na kusema: unaona, vyeti si kitu. Mimi nakataa, na Logue mwenyewe alikataa. Mwaka 1935 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Watibabu wa Usemi cha Uingereza. Katikati ya miaka ya 1940 kikaundwa Chuo cha Watibabu wa Usemi, naye akawa mmoja wa wanachama waanzilishi. Kazi ya chuo hicho ilikuwa kusimamia mafunzo, mitihani na usajili, ili mtu asiamke tu asubuhi akajiita mtaalamu wa kigugumizi. Mwaka 1948 mfalme akakubali kuwa mlezi wake. Yaani mtu aliyeingia bila karatasi ndiye aliyesaidia kuweka utaratibu wa karatasi. Wengine wataita unafiki. Mimi naona alijua ni wangapi waliofungua ofisi kama yake wakiwa matapeli, na alijua mgonjwa hana njia ya kuwatofautisha.

Digrii nayo peke yake haimlindi mtoto, hilo tuliseme. Mwaka uleule wa 1939, Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilikuwa kati ya vinara wa taaluma hii duniani. Pale Wendell Johnson, mwenye shahada ya uzamivu na mwenye kigugumizi yeye mwenyewe, alimsimamia mwanafunzi wa uzamili kufanya jaribio kwenye kituo cha watoto yatima mjini Davenport. Watoto walikuwa 22. Baadhi yao waliokuwa wanaongea vizuri kabisa waliambiwa kwamba wana dalili za kigugumizi na kwamba wajichunge wasiongee ovyo. Wakaanza kunyamaza, wakaona aibu, masomo yakashuka. Siri ilikaa miaka mingi. Chuo kiliomba radhi mwaka 2001, na mwaka 2007 jimbo la Iowa likakubali kulipa dola 925,000. Wale watoto hawakupewa dawa wala sindano. Waliambiwa tu jambo na mtu mzima waliyemwamini, na sisi walimu tunawaambia watoto mambo kuanzia asubuhi mpaka kengele ya mwisho.

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha wilayani Muleba nilikuwa na kijana wa kidato cha pili ambaye akiulizwa swali darasa zima linamsaidia kumalizia neno. Wanadhani wanamsaidia. Walimu wamezoea kumruka. Tatizo la kwanza kwa mwalimu wa huku ni kujua unachokiona: mtoto kaongea Kihaya nyumbani, Kiswahili shule ya msingi, sasa unamtaka ajibu kwa Kiingereza. Akikwama, amekwama lugha au amekwama usemi? Njia rahisi ni kumsikiliza uwanjani na wenzake. Kigugumizi kwa kawaida kinamfuata mtu kwenye lugha zake zote, cha Kiingereza tu kinabaki darasani. Huyu kilimfuata hadi kwenye Kihaya. Ila kwaya aliimba bila kukwama hata mara moja, jambo linalowatokea wengi wenye kigugumizi.

Ukishajua hivyo unampeleka wapi? Hapo ndipo suala la kozi linapokuja. Makerere walianza shahada ya kwanza ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, ya kwanza Afrika Mashariki, na mtu wa Bukoba akivuka Mutukula anafika Kampala mapema kuliko Dar. Kwetu Tanzania, Muhimbili wanatoa shahada ya audiolojia na tiba ya usemi. Wanaosoma kozi hizi hawashughuliki na kigugumizi peke yake. Kuna mzee aliyepata kiharusi akapoteza maneno, mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura, mtoto mwenye usonji, mgonjwa anayepaliwa kila akimeza chakula. Ni fani ya kusikiliza na kufundisha, karibu sana na ualimu, lakini mlango wa kozi za afya ni PCB, kwa hiyo sisi wa HKL tumebaki barazani. Logue wa leo, na mashairi yake, angebaki barazani na sisi. Sijui kama ni sawa. Wadogo zetu walioko kidato cha nne Kamachumu na Nshamba, wanaotaja udaktari na uhandisi tu kwa sababu hawajasikia kingine, waambiwe kozi hii ipo kabla hawajachagua tahasusi.

Myrtle alifariki mwaka 1945, na Logue hakuwa yule tena. Aliingia kwenye imani ya kuwasiliana na roho za wafu, akimtafuta mkewe. Aliendelea kupokea wagonjwa, ingawa afya ilikuwa inashuka. Tarehe 6 Februari 1952 mfalme alifariki usingizini, binti yake Elizabeth akiwa safarini Kenya, na ni Kenya huko alipopata habari kwamba yeye sasa ni malkia. Logue alifariki London tarehe 12 Aprili 1953, akiwa na miaka 73, wiki chache kabla malkia huyo hajatawazwa. Barua na kumbukumbu zake zilibaki kwenye familia mpaka mjukuu wake Mark alipozikusanya na kuzifanyia kitabu. Humo ndimo zilimotoka zile mara 82.