Hammer DeRoburt, mwalimu aliyeuliza hesabu ya mgodi

Nauru ni inchi ya kisiwa kimoja kidogo, kilometa 21 za mraba, mu bahari ya Pasifiki. Hammer DeRoburt alizaliwa kule mu 1922, akakuwa mwalimu. Wakati wa vita, Wajapani walimuhamisha pamoja na Wanauru karibu 1.200 mpaka Truk. Mamia walikufa kule.

Aliporudi, aliona fosfati inapakiwa mu meli za wageni, na wenye udongo wanapata kidogo. Mu 1956 alikuwa mukubwa wa baraza, akauliza hesabu: tani ngapi, bei gani? Mu 1967 walipatana kununua mgodi. Mu 1968 inchi ikapata uhuru, naye akawa prezida wa kwanza.

Bunge lilikuwa na badepite 18 tu. Toa prezida na mawaziri wake, toa spika: wanabaki 11 ao 12 wa kukaa mu kamati na kuchunguza serikali, tena wote ni ndugu na majirani. Walimuondoa mu 1976, akarudi mu 1978. Mu 1989 wakamuondoa tena.

Alikufa mu 1992. Kisha fosfati ikapunguka, na feza nyingi ya akiba ikapotea. Mgodi ulikuwa wao, lakini wa kuuliza hesabu walikuwa wachache.