Tanaka Shozo, Mtetezi wa Mto Watarase

Wapo watu walioshindwa takriban katika kila pambano waliloliingia, na hata hivyo vizazi vya baadaye vikawahesabu miongoni mwa washindi. Mmoja wao ni Tanaka Shozo wa Japani, aliyezaliwa mwaka wa 1841 katika jamaa ya viongozi wa kijiji, kaskazini mwa Tokyo. Maisha yake yanastahili kufunzwa darasani, hasa miongoni mwetu sisi tuliozoea kulitamka neno maendeleo bila ya kuuliza ni nani anayeigharimia.

Mwaka wa 1877, tajiri Furukawa Ichibei aliununua mgodi wa shaba wa Ashio, ulioko milimani katika sehemu za juu za Mto Watarase. Haikupita miaka mingi kabla ya mgodi huo kuipita migodi yote ya shaba nchini humo. Japani ilikuwa mbioni kujenga viwanda na jeshi, nayo shaba iliyouzwa ng'ambo ilileta fedha za kigeni. Lakini miti ilikatwa ikawa kuni na nguzo za mgodi, na iliyosalia ikauawa na moshi wa matanuri. Taka za mgodi ziliingia mtoni, samaki wakafa. Mafuriko makubwa ya mwaka wa 1890 yakatandaza matope yenye sumu juu ya mashamba ya mpunga.

Mwaka uo huo Tanaka alichaguliwa kuingia katika Bunge la kwanza la nchi yake. Mnamo Desemba 1891 aliitaka serikali ieleze kwa nini haikuchukua hatua. Jawabu likawa kwamba chanzo cha madhara hakijathibitishwa. Waziri aliyehusika, Mutsu Munemitsu, alikuwa na mwana ambaye Furukawa alikuwa amempanga kuwa mwanawe. Tanaka hakuchoka kuuliza. Mwaka wa 1897 mgodi uliamriwa kuzuia uchafu wake, lakini madhara hayakukoma. Mnamo Februari 1900, wakulima walioandamana kuelekea Tokyo walikabiliwa na polisi, na makumi yao wakatiwa mbaroni.

Mwaka wa 1901 Tanaka alijiuzulu ubunge. Tarehe 10 Desemba aliliendea gari la Mfalme Meiji barabarani, barua ya malalamiko mkononi. Alikamatwa, akachukuliwa kuwa mwenda wazimu, akaachiliwa.

Hatimaye serikali ilipata suluhisho lake: badala ya kuiondoa sumu, ikaamua kukiondoa kijiji. Yanaka, kijiji kilichokuwa mstari wa mbele kulalamika, kingegeuzwa bwawa la kupokea mafuriko. Mwaka wa 1904 Tanaka, ambaye sasa alikuwa mzee, alihamia huko akaishi na wanakijiji. Kijiji kilifutwa kisheria mwaka wa 1906, na mwaka uliofuata nyumba 16 za waliokataa kuhama zikabomolewa. Wenyewe walijenga vibanda wakabaki, naye akazidi kuwatetea. Alipofariki mnamo Septemba 1913, mali yake ilikuwa mkoba wenye karatasi, Agano Jipya na vijiwe kadhaa.

Mgodi wa Ashio ulifungwa mwaka wa 1973. Mwaka wa 1974 kampuni iliyoumiliki ilikubali kuwalipa wakulima fidia, miaka 61 baada ya kifo cha mtetezi wao.

Ni bayana kwamba Tanaka hakuyapinga maendeleo. Alichokipinga ni hesabu iliyojumlisha shaba bila ya kuutoa mto. Aidha, alikabiliwa na hoja mbili ambazo hata leo hazijazeeka: kwamba mlalamishi athibitishe kwanza madhara yake, na kwamba ni rahisi zaidi kumhamisha mlalamishi kuliko kuihamisha taka.

Sheria haikuwa upande wa Tanaka. Mkenya wa leo ana Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka wa 2010, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani hata kama hawezi kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Hoja iliyomzima Tanaka mwaka wa 1891 imezibwa mdomo katika maandishi. Mwalimu ambaye shule yake inapakana na jaa la taka, au na mto uliogeuka rangi, na awasomeshe wanafunzi wake vifungu hivyo viwili. Haki isiyojulikana na mwenyewe haina tofauti na haki ambayo haijaandikwa.