Maisha ya Archimedes, Aliyeeleza Siri ya Mizani

Kila aliyekwenda sokoni amepata kuona mizani. Muuzaji hutia jiwe la kilo moja upande huu na sukari upande wa pili, na mizani ikitulia sawa uzito umetimia. Watu waliitumia mizani kwa karne nyingi, lakini aliyethibitisha kwa hesabu sababu ya kutulia kwake ni Archimedes.

Bwana huyu alizaliwa karibu mwaka 287 kabla ya Kristo katika mji wa Syracuse, kisiwani Sicily, ambako Wayunani walikuwa na miji yao. Baba yake, Pheidias, alikuwa mjuzi wa nyota. Inadhaniwa kwamba Archimedes alipokuwa kijana alikwenda kusoma Alexandria, nchi ya Misri. Baadaye alikaa kwao, chini ya Mfalme Hiero.

Katika kitabu chake juu ya msawazo alianza na jambo ambalo hata mtoto hulikubali. Vitu viwili vya uzito mmoja, vikiwekwa umbali sawa kutoka kwenye egemeo, hutulia. Umbali usipokuwa sawa, kilicho mbali zaidi hushuka. Kutoka hapo, hatua kwa hatua, akathibitisha kwamba hata kitu chepesi huweza kusawazisha kizito, mradi kiwe mbali zaidi kwa kadiri ile ile.

Wanafunzi wenzangu, jaribuni wenyewe. Wekeni rula juu ya penseli mpaka itulie. Tieni sarafu mbili pamoja, sentimita 5 kutoka kwenye penseli. Sarafu moja ya namna ile ile itazisawazisha ikiwa sentimita 10 upande wa pili. Mbili mara tano ni kumi, na moja mara kumi ni kumi. Zao la uzito na umbali huo leo twaliita momenti.

Darasani twafundishwa kwamba kitu hutulia kwa masharti mawili: kwanza, nguvu zinazokivuta huku na huku zifutane, pili, momenti zinazotaka kukizungusha zifutane pia. Sharti la pili ndilo urithi wetu kutoka kwa Archimedes. Kuhusu nguvu zinazovuta kwa mshazari, hatua kubwa ilikuja baada ya miaka zaidi ya 1,700, Simon Stevin wa Bruges alipotoa kitabu chake mwaka 1586.

Hiero alikufa mwaka 215 kabla ya Kristo. Yeye alikuwa rafiki wa Warumi, lakini waliomfuata waligeukia Carthage, adui wa Roma. Basi jemadari Marcellus akauzingira mji kwa bara na bahari. Archimedes, mzee wa miaka zaidi ya 70, akautetea kwa elimu yake. Alitengeneza mitambo ya kurusha mawe, na nyenzo ndefu zilizonyanyua merikebu za adui na kuziangusha. Marcellus aliacha kushambulia, akafunga njia za chakula.

Mwaka 212 Warumi waliingia mjini, wakati wa sikukuu, walinzi walipozembea. Marcellus alitaka mzee huyo asiguswe, lakini askari mmoja alimwua. Yasimuliwa kwamba alikuwa ameinamia michoro yake. Juu ya kaburi lake palichorwa tufe ndani ya mcheduara. Baadaye watu wa mji wakalisahau, hata Cicero wa Roma alipolikuta limefunikwa na miiba, mwaka 75 kabla ya Kristo.

Mitambo ile ya vita haipo tena. Kanuni aliyoiandika akiwa ametulia na fimbo, mawe na egemeo ingalipo, na kila mjenzi wa daraja huitegemea. Tukiona kitu kimetulia tusidhani hakuna nguvu juu yake. Zipo, ila zimesawazana, na kazi yetu ni kuzihesabu.