Fridtjof Nansen: Mtu Aliyempatia Mkimbizi Karatasi

Katika toleo hili la kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, Kamati imeona ni vyema kueleza maisha ya mtu ambaye jina lake tunalisikia kila mwaka inapotolewa tuzo ya wakimbizi, lakini wengi wetu hatujui alifanya nini.

Hapa kambini kila mmoja anajua uzito wa karatasi. Mwenye kadi ya mgao anapanga foleni. Asiye nayo anabaki pembeni akijieleza. Mwenye hati ya kusafiria anapita mpakani. Asiye nayo anarudishwa au analala mahabusu. Fridtjof Nansen ndiye aliyeongoza kazi ya kumpatia mkimbizi karatasi ya kwanza iliyotambuliwa na serikali nyingi.

Kijana wa theluji

Nansen alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1861 karibu na mji wa Christiania, ambao leo ni Oslo, mji mkuu wa Norwei. Alisomea elimu ya wanyama, na mwaka 1888 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti wake juu ya mishipa ya fahamu.

Mwaka huo huo yeye na wenzake watano walivuka Greenland, kisiwa kikubwa kilichofunikwa na barafu, wakitembea kwa mbao za kutelezea kwenye theluji. Alichagua kuanzia upande wa mashariki ambako hakukuwa na watu, kuelekea magharibi kwenye makazi. Kwa hiyo nyuma yao hapakuwa na pa kurudi. Ilibidi wafike, na wakafika.

Mwaka 1893 alianza safari kubwa zaidi kuelekea Ncha ya Kaskazini. Meli nyingi kabla yake zilikuwa zimevunjwa na barafu. Nansen hakutaka kushindana nayo. Meli yake, Fram, iliundwa na tumbo la mviringo ili barafu ikiibana iiinue juu badala ya kuiponda. Kisha aliiacha ichukuliwe na barafu yenyewe. Mwezi Machi 1895 yeye na Hjalmar Johansen waliiacha meli wakaendelea kwa miguu, wakafika digrii 86 na dakika 14 kaskazini, mahali ambapo hakuna mtu aliyejulikana kufika kabla yao. Ncha yenyewe hawakuifikia. Waliishi majira yote ya baridi katika kibanda cha mawe, wakila nyama ya dubu, na wakarudi nyumbani mwaka 1896.

Baada ya Norwei kujitenga na Uswidi mwaka 1905, alikuwa balozi wa nchi yake London kuanzia 1906 hadi 1908.

Kazi ya wafungwa wa vita

Vita Kuu ya Kwanza vilipokwisha mwaka 1918, mamia ya maelfu ya wafungwa wa vita walibaki mbali na makwao, wengi wao Siberia. Mwaka 1920 Shirikisho la Mataifa lilimpa Nansen kazi ya kuwarudisha. Shirikisho hilo ndilo lililoutangulia Umoja wa Mataifa, na ndilo lililosimamia mpango ambao Tanganyika iliwekwa chini ya Waingereza, na Ruanda-Urundi chini ya Wabelgiji.

Fedha zilikuwa kidogo, na serikali nyingi zilikataa kuzungumza na watawala wapya wa Urusi. Nansen alizungumza na kila upande. Hadi mwaka 1922 watu zaidi ya 400,000 walikuwa wamerudi makwao.

Mwaka 1921 njaa kubwa iliikumba Urusi. Nansen aliliomba Shirikisho la Mataifa fedha, likakataa. Alizunguka nchi mbalimbali akichangisha, huku wapinzani wakimtuhumu kwamba anawasaidia Wabolsheviki. Msaada mkubwa kuliko wote ulitoka kwa shirika la Wamarekani chini ya Herbert Hoover, lakini chakula hakikufika mapema kwa wote, na mamilioni ya watu walikufa.

Karatasi moja

Mwaka huo wa 1921 aliteuliwa pia kuwa Kamishna Mkuu wa wakimbizi wa Kirusi. Watu hao walizidi milioni moja, wametawanyika kutoka Ulaya hadi Uchina. Mwezi Desemba 1921 serikali mpya ya Urusi iliwavua uraia wengi wao. Hati zao za zamani zikawa hazina maana.

Ugumu ulikuwa hapa. Mji wenye wakimbizi wengi haukuwa na kazi. Nchi yenye kazi haikuweza kumpokea mtu asiye na hati. Nchi aliyokuwamo haikuweza kumpa pasipoti kwa kuwa si raia wake. Mtu akawa amekwama.

Nansen hakungoja mataifa yakubaliane juu ya mambo yote. Mwezi Julai 1922, katika mkutano wa Geneva, serikali zilikubaliana juu ya jambo moja dogo: cheti cha utambulisho cha ukurasa mmoja. Serikali ya nchi aliyokuwamo mkimbizi ndiyo iliyokitoa, kwa maofisa wake yenyewe. Haikulazimika kumpa uraia. Nchi nyingine ziliahidi kukitambua. Kwa kuwa sharti lilikuwa jepesi, serikali moja baada ya nyingine zilijiunga, hatimaye zaidi ya 50. Watu wakakiita pasipoti ya Nansen.

Mwaka 1924 cheti hicho kilitolewa pia kwa Waarmenia, na mwaka 1928 kwa Waashuru na wengine. Kuanzia 1926 wenye uwezo walinunua stempu ya kubandika juu yake, na fedha hizo zikawasaidia wakimbizi maskini.

Kilikuwa na upungufu. Hakikumpa mtu haki ya kufanya kazi. Hapo mwanzo hakikumhakikishia hata kurudi katika nchi iliyokitoa. Jambo hilo lilianza kurekebishwa mwaka 1926. Hata hivyo mtu aliweza kuonyesha jina lake na kupiga hatua.

Palipouma

Nansen alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1922, na fedha zake akazitumia kwa kazi za misaada. Lakini si kila alilofanya linasifiwa. Aliunga mkono mpango wa kubadilishana watu kati ya Ugiriki na Uturuki, uliotiwa saini mwezi Januari 1923. Zaidi ya Wakristo milioni moja na mamia ya maelfu ya Waislamu walipoteza makwao kwa lazima, wengi wao wakiwa wamekwisha kukimbia. Hawakuulizwa. Mpango wake wa kuwapatia Waarmenia mashamba katika nchi ya Armenia nao ulikwama kwa kukosa fedha.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 13 Mei 1930, akiwa na miaka 68. Mwaka 1938 ofisi ya wakimbizi iliyobeba jina lake ilipewa nayo Tuzo ya Nobel ya Amani. Hati ya kusafiria inayotajwa katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, na katika Mkataba wa nchi za Afrika wa 1969, inafuata njia aliyoifungua.

Tujifunze nini?

Kwanza, tatizo la watu milioni moja lilianza kufunguka kwa jambo moja ambalo kila ofisi iliweza kulifanya. Tunapokaa kwenye vikao vyetu vya maji, shule au usalama, tuulize: ni jambo gani ambalo kila bloku inaweza kulianza bila kungoja mfadhili?

Pili, Nansen alifaulu zaidi pale mkimbizi alipopewa uwezo wa kujichagulia njia, na alikosea pale watu walipohamishwa bila kuulizwa. Hili ni la sisi viongozi wa bloku, na pia la ndugu zetu wa mashirika wanaotuhudumia. Mpango mzuri usiomsikiliza mwenye kuhamishwa humwumiza.

Tatu, tuzitunze karatasi zetu. Kila mtoto anayezaliwa hapa kambini aandikishwe. Mzazi usichelewe ukidhani utafanya kesho; siku mtoto atakapohitaji kujitambulisha, huenda wewe hutakuwepo kumsemea.