Maisha ya Abebe Bikila, Mkimbiaji wa Uhabeshi

Mhariri wa gazeti letu alitutaka wanafunzi wa kidato cha nne tuandike kila mmoja habari za mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani. Wenzangu wengi wamechagua wafalme na wavumbuzi. Mimi nimemchagua mkimbiaji, na sababu yake ni goti langu la kulia, kama nitakavyoeleza mbele.

Abebe Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, nchi ya Uhabeshi, ambayo leo twaiita Ethiopia. Utotoni alichunga mifugo, kama wafanyavyo watoto wengi wa vijiji vyetu hapa Katavi. Alipokuwa kijana alikwenda Addis Ababa akaingia katika jeshi la walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Mji ule u juu sana, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, yaani zaidi ya mara mbili ya Mpanda yetu. Mtu akizoea kukimbia katika hewa nyembamba ya namna hiyo, kifua chake hupata nguvu. Jeshini alikutana na mwalimu wa michezo kutoka Uswidi, jina lake Onni Niskanen, naye ndiye aliyemfundisha mbio ndefu kwa utaratibu.

Mwaka 1960 michezo ya Olimpiki ilifanyika Roma. Abebe alichukuliwa kujaza nafasi ya mwenzake, Wami Biratu, aliyekuwa hawezi, basi hakuna aliyemtazamia. Viatu vipya alivyopata huko havikumkaa vizuri, vikamwumiza vidole. Akaamua kukimbia miguu mitupu, jambo ambalo kwake halikuwa geni, maana alikwisha kulizoea katika mazoezi ya nyumbani.

Hapa naomba msomaji apime urefu wa njia yenyewe. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Mtu akitoka hapa mjini Mpanda kushika barabara ya kusini, Sitalike ni kilomita kama 35. Akifika huko akawaona viboko wa mto Katuma asidhani amemaliza; ingembidi aendelee kilomita saba nyingine ndani ya hifadhi, ambamo hakuna mwenye akili atakayekwenda kwa miguu. Haya, njia yote hiyo Abebe aliikimbia bila viatu, mahali pengine juu ya mawe ya kale ya Warumi.

Mbio zilianza tarehe 10 Septemba jioni, ili kuepuka joto, zikamalizika usiku, askari wakisimama kando ya njia na mienge mikononi. Mwishoni walibaki wawili mbele, yeye na Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko. Karibu na mwisho wa njia ilisimama nguzo kubwa ya mawe ya Aksum, ambayo Waitaliani waliichukua Uhabeshi mwaka 1937 walipokuwa wameitawala nchi ile. Hapo ndipo Abebe alipoongeza mwendo akamwacha mwenzake. Alitumia saa 2, dakika 15 na sekunde 16, na mpaka siku ile hapakuwa na mtu duniani aliyewahi kukimbia marathoni upesi kuliko hivyo. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kupatwa na Mwafrika mweusi aliyewakilisha nchi ya Afrika. Nguzo yenyewe ilirudishwa Uhabeshi mwaka 2005. Mshindi alikuwa amekwisha kufa zamani, nami nasikitika kwamba hakuiona ikirudi.

Ushindi wake wa pili ulikuwa Tokyo mwaka 1964. Wiki tano tu kabla ya mbio alipasuliwa tumbo kwa ugonjwa wa kidole tumbo, na watu wakadhani safari hii hatakimbia. Akakimbia tarehe 21 Oktoba, na viatu miguuni, akashinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, akiwatangulia wote kwa zaidi ya dakika nne. Wenzake walipofika wakianguka kwa uchovu, walimkuta uwanjani akinyoosha viungo. Kabla yake hapakuwa na mtu aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Sasa nafika Meksiko, mwaka 1968, na hapa ndipo habari za Abebe zinapokutana na goti langu.

Muhula uliopita nilikuwa nikijitayarisha kwa mbio za nyika za shule za wilaya. Goti lilianza kuniuma nikishuka mlima, halafu hata nikishuka ngazi za bweni. Nilimficha mwalimu wa michezo, nikajipaka dawa ya kuchua usiku wenzangu wakiwa wamelala. Siku ya mashindano nilikimbia, nikafika wa kumi na tisa, na jioni yake sikuweza kukunja mguu. Muuguzi alinieleza kwamba ile pia ya goti huteleza juu ya mfupa wa paja, na misuli ya paja ikiwa dhaifu huvutwa upande na kusuguana. Akanikataza mbio muhula mzima, akanipa mazoezi ya kuinua mguu nikiwa nimelala chali. Basi nikapata wakati mwingi wa kusoma maktabani.

Huko Meksiko Abebe alikwenda na mfupa wa mguu wa kushoto wenye ufa. Alianza mbio tarehe 20 Oktoba, lakini baada ya kilomita kama 17 akasimama, akatoka njiani. Mhabeshi mwenzake, Mamo Wolde, ndiye aliyeshinda. Katika mbio hizo hizo Mtanzania wetu, John Stephen Akhwari wa Mbulu, alianguka akaumia vibaya goti na bega. Akafungwa bendeji, akaendelea akichechemea, akafika uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, watu wengi wakiwa wamekwenda zao. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza.

Bwenini kwetu tulibishana sana juu ya watu hawa wawili. Wengi walimsifu Akhwari, na mmoja alisema kwamba Abebe alikata tamaa. Mimi pia ningesema hivyo mwaka jana. Lakini mtu aliyekimbia miguu mitupu Roma, na huko Tokyo akakimbia na kovu bichi la kisu, hawezi kuitwa mwoga wa maumivu. Nadhani aliujua mwili wake kama fundi ajuavyo chombo chake. Akhwari namheshimu kwa moyo wangu wote. Ila nakiri kwamba mimi nilipoficha goti langu sikuwa nikimwiga yeye. Nilikuwa nikiogopa jina langu lisiondolewe katika orodha.

Miezi michache baadaye, mwezi Machi 1969, Abebe alipata ajali usiku akiendesha gari lake dogo la Volkswagen, akakaa ndani yake mpaka asubuhi ndipo akatolewa. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia. Alipelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, akatibiwa muda wa miezi minane. Mikono ilipata nguvu tena, lakini miguu ile haikutembea kamwe. Hata hivyo mwaka 1970 alishindana kwa upinde na mishale akiwa katika kiti cha magurudumu, na mwaka 1972 alialikwa kwenye Olimpiki ya Munich, ambako umati wote ulisimama kumpigia makofi.

Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, umri wake miaka 41. Mfalme alihudhuria maziko yake Addis Ababa pamoja na maelfu ya watu.

Muuguzi amesema wiki ijayo naweza kuanza kutembea mpaka stesheni ya reli na kurudi. Mwalimu wa michezo nimekwisha kumwambia habari zote za goti, hata ile dawa ya kuchua.