Baba wa Bwana Msa

Safari hii sikuleta shairi. Nimemleta Muhammed Said Abdulla, yule Mzanzibari aliyetupa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko.

Alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka wa 1918. Hakuanza na vitabu, ati. Mwaka wa 1938 aliajiriwa kuwa bwana afya, akaifanya kazi hiyo miaka kumi. Nadhani hapo ndipo alipojifunza kupekua, maana bwana afya huingia mpaka uani, akaona yale ambayo mgeni wa barazani haoni. Mwaka wa 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na kuanzia 1958 hadi 1968 akahariri Mkulima, gazeti la kilimo. Hebu fikirini: mtu wa mbegu na mbolea, kumbe kichwani mna maiti!

Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957–58, ikachapishwa mwaka wa 1960. Mtu anakutwa amekufa mzimuni. Bwana Msa hatafuti pepo, anatafuta mtu.

Nilipokuwa nikikisoma, mtaani kwetu kulikuwa na bibi mmoja mkongwe aliyesemwa kuwa ni mchawi kwa sababu mtoto wa jirani alifariki ghafla. Hata mimi nilikuwa nikimwona navuka barabara. Basi nikafika pale Bwana Msa anapochunguza nani alikuwa wapi na saa ngapi, nikafunga kitabu. Sisi hatukuwa tumeuliza hata swali moja! Kesho yake nikamwamkia yule bibi. Aliitika polepole, kama mtu asiyezoea tena kuamkiwa.

Wenzangu darasani husema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyepewa kanzu, na rafiki yake Najum ndiye Watson. Kufanana kupo, sikatai. Lakini Holmes angeyajulia wapi mambo ya ndoa, talaka na urithi wa Unguja?

Baadaye vilikuja Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na vingine, hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Jina hilo la mwisho hunifurahisha: kumbe naye hukosea!

Mzee alifariki mwaka wa 1991. Nakala ya chama chetu imetoka jalada, lakini kurasa zote zimo. Nimehesabu.